Ametumwa na Nani?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu niseme juu ya jambo ambalo limenikaa moyoni tangu nilipokuwa Kidato cha Tatu. Jambo lenyewe ni baiskeli. Najua wako watakaofunua ukurasa wa pili mara waonapo neno hilo, maana siku hizi kijana husifiwa kwa pikipiki, na mwenye baiskeli huambiwa pole. Lakini nawasihi msome hata mwisho, hasa ninyi wazazi, na hasa wale wenzangu walionung'unika ghala lilipofungwa wakidhani kwamba tumeonewa.

Kwetu ni Ilula, nchi ya nyanya, kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Baba yangu ana baiskeli nyeusi aina ya Phoenix iliyonizidi umri. Karia yake imeongezewa vyuma na fundi ili ibebe matenga ya nyanya kutoka shambani hata barabarani. Mzigo ukiwa mzito baba hapandi, husukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mmoja kwenye tenga, na jasho humtoka kama aliyenyeshewa. Kwa baiskeli hiyo nimelipiwa madaftari, sare na godoro ninalolalia hapa shuleni. Ndiyo niliyojifunzia pia, kwa kupitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti kilikuwa juu kuliko kifua changu. Watoto wengi wa kwetu wamejifunza hivyo, na alama za mnyororo tunazo kwenye ndimi za miguu.

Basi, Jumapili moja ya likizo, baada ya ibada, niliichukua baiskeli ile ikiwa tupu nikaenda nayo Lugalo. Pale ndipo mashujaa wa Mkwawa walipolivamia jeshi la Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891, na kamanda wao, Emil von Zelewski, akauawa. Upo mnara wa ukumbusho, nami nilikuwa nimeupita ndani ya basi mara nyingi bila kuuona sawasawa. Njiani kila niliyemwamkia alinijibu, kisha akauliza: "Umetumwa na nani?" Nilipojibu kwamba sikutumwa, waliniangalia kama mtu aliyeibiwa mzigo wake asijijue. Bibi mmoja alinihurumia, akanipa hindi la kuchoma.

Niliporudi baba aliiegemeza baiskeli ukutani, akainama, akalipapasa tairi la nyuma kwa kiganja.

"Nani alikutuma huko?"

"Sikutumwa, baba. Nilikwenda tu."

"Tairi hulika hata pasipo mzigo, mwanangu."

Hakunipiga wala hakunifokea. Lakini neno lile nimelifikiri sana, maana baba alisema kweli: tairi hulika, na tairi hununuliwa. Dada yangu huendesha baiskeli ile ile kila siku, na nakiri kwamba ananishinda kwa mbio, lakini hakuna anayemwuliza swali hilo kwa kuwa nyuma yake daima pana ndoo. Kwetu baiskeli ni punda. Mtu hampandi punda kwenda kutazama mnara.

Rai yangu katika makala hii ni kwamba safari isiyotumwa nayo ni ya haki, na kwamba shule yetu ilifanya vema iliporuhusu safari hizo, na ingefanya vema ikiziruhusu tena. Nitaeleza sababu. Halafu nitaeleza pia jambo jingine ambalo nisipolieleza makala yangu itakuwa ya uongo.

Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza hawajui, kwa hiyo niwasimulie. Ndani ya ghala la shule, nyuma ya majembe na vitanda vibovu, zimo baiskeli tatu. Mbili zilikuwa za tarishi kabla pikipiki haijanunuliwa, na ya tatu iliachwa na mwalimu aliyehamishwa. Mwalimu wetu wa Jiografia, ambaye ana baiskeli yake mwenyewe yenye gia, aliomba zitengenezwe. Mzee mtunza ghala ndiye aliyezitengeneza kwa mikono yake: alifungua ekseli, akaosha gololi kwa mafuta ya taa, akazipaka grisi mpya, akanyoosha spoku zilizopinda na kuziba matundu kwa viraka na solusheni. Tulikuwa wanafunzi sita. Watatu walikwenda na Mwalimu Jumamosi hii, watatu Jumamosi ya pili. Tuliondoka baada ya usafi na kurudi kabla ya saa tisa alasiri.

Mara nyingi tulikwenda Kalenga, yapata kilometa 15 kutoka mjini Iringa. Mwanafunzi yeyote wa hapa amekwisha kufika Kalenga kwa gari la shule, ameuona mji wa Mkwawa uliotekwa na Wajerumani mwaka 1894, na makumbusho yaliyo na fuvu lake lililorudishwa mwaka 1954. Mimi nami nilikwisha kwenda kwa gari. Nilikumbuka fuvu, na soda niliyokunywa. Sikujua kwamba njiani upo mwinuko mrefu, mpole, ambao macho hayauoni hata kidogo, lakini mapaja huuona. Sikujua ya kuwa hewa hubadilika karibu na Mto Ruaha Mdogo, ikawa baridi na kunuka tope na majani, hata kabla maji hayajaonekana. Mwalimu alikuwa akitusimamisha juu ya kilima, tukihema, akachomoa ramani na kusema: "Mmevuka mistari mingapi ya kontua?" Tulikuwa tukikosea maswali ya kontua darasani mwaka mzima. Tangu siku hizo sijakosea tena. Kontua naijua kwa magoti.

Tulijifunza na hesabu pia. Baiskeli niliyozoea kupanda ina meno 44 mbele na meno 18 nyuma. Gawanya, utaona kwamba pedeli zikizunguka mara moja gurudumu huzunguka mara mbili na zaidi kidogo ya nukta nne. Gurudumu lile kubwa la inchi 28 likizunguka mara moja husafiri karibu mita 2 na robo. Kwa hiyo kila mzunguko wa miguu hukupeleka kama mita 5 na nusu, na kufika Kalenga ni kama mizunguko 2,700, ukitoa ile ya mteremko ambapo miguu hupumzika. Mwalimu kwa gia yake ndogo alizungusha pedeli mara moja na gurudumu mara moja tu. Akapanda kilima polepole akiongea, na sisi tumesimama juu ya pedeli, ndimi nje. Ndipo nilipofahamu kwamba gia haimwongezei mtu nguvu hata chembe. Humgawia mlima vipande vidogo, lakini mlima wote ataulipa. Hapo nilimkumbuka baba na matenga yake. Hana gia, kwa hiyo hushuka na kusukuma.

Tulikwenda Isimila mara moja, kama kilometa 20 kwa njia ya Mbeya, tukaona zile nguzo za udongo zilizochongwa na mvua na upepo, na zana za mawe za watu wa kale. Mahali ni pazuri mno. Lakini kusema kweli safari yenyewe sikuipenda. Ni barabara kuu, na malori makubwa yakikupita upepo wake kwanza hukusukuma, kisha hukuvuta. Tulikwenda kwa mstari mmoja, kushoto kabisa, hakuna aliyezungumza. Sishauri mwanafunzi yeyote apelekwe njia ile kwa baiskeli, hata na mwalimu.

Sasa nafika kwenye jambo lile jingine.

Ilikuwa mwezi wa Machi, wakati wa mvua. Wakati huo sisi vijana tulikuwa tumeingiwa na fahari moja, kwamba baiskeli tupu ndiyo ya wanaume. Tulisema madigadi ni uzito, kengele ni kelele, karia ni ya wauza mkaa. Mimi nilizidi wenzangu. Siku ya Ijumaa niliingia ghalani kwa kisingizio cha kujaza upepo, nikafungua madigadi zote mbili, kisha nikafungua na breki ya mbele. Nilisema ya nyuma yatosha.

Jumamosi mvua ikanyesha. Mwalimu akatuambia kwamba hakuna safari, turudishe baiskeli ghalani. Mimi na mwenzangu mmoja hatukurudisha. Tulizunguka nyuma ya jiko, tukatoka, tukaenda hata kwenye mteremko wa Ipogolo, pale mji unapoishia juu ya ukingo na barabara kushuka kwa kona kwenda kuikuta barabara kuu. Tulishindana nani atashuka kwa kasi. Mnaoijua Ipogolo hamhitaji kuambiwa zaidi.

Naomba hapa nieleze kwa nini nilianguka, maana tangu hapo nimesoma na kuuliza. Breki za baiskeli zetu ni za fimbo za chuma, ambazo huvuta vipande vya mpira vikaikaza rimu kwa ndani. Rimu ni ya chuma chenye kromu. Ikilowa, mpira huteleza juu yake kama mguu juu ya sabuni. Na mtu akikaza breki, uzito wake wote husogea mbele, gurudumu la nyuma likawa jepesi, kwa hiyo breki ya mbele ndiyo ifanyayo kazi kubwa. Mimi nilikuwa na ya nyuma peke yake, na imelowa. Niliibana kwa vidole vyote na baiskeli ikazidi kwenda. Kwenye kona gurudumu la nyuma lilihama, nikaona lami, nikaona majani, nikasikia kitu kikivunjika ambacho nilidhani ni fremu. Fremu ilikuwa nzima. Ulikuwa mtulinga wangu. Nashukuru Mungu kwamba lori lililokuwa likipanda lilikuwa bado chini.

Mkuu wa Shule alikuja kunitazama hospitalini, akaniuliza imekuwaje. Nikamjibu: "Breki ilikatika, mwalimu."

Haikukatika. Ilikuwa ghalani, ndani ya kopo.

Neno lile dogo lilifanya kazi kubwa kuliko nilivyodhani. Mtunza ghala alionywa kwa barua kwamba alitoa baiskeli mbovu. Mwalimu wa Jiografia aliambiwa kwamba hakukagua. Ghala likafungwa, safari zikakoma, na wenzangu wanne wasio na kosa walibaki kutazama mpira Jumamosi. Mimi nilirudi na mkono umefungwa kwa kitambaa, watu wakanibebea vitabu na kuniita shujaa wa Ipogolo. Nilikaa hivyo mwaka mzima na zaidi.

Muhula huu nilikwenda kwa mzee mtunza ghala. Nilimkuta akinoa mafyekeo. Nikapiga magoti, nikamwambia yote. Hakuacha kunoa.

"Nilijua," akasema. "Skrubu ulizitia katika kopo langu la misumari. Nilizikuta Jumatatu ile."

"Kwa nini hukusema, mzee?"

"Ulikuwa umevunjika. Nikasema apone kwanza, atasema mwenyewe. Umechelewa kupona, kijana."

Kutoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa Mkuu wa Shule. Nilipewa adhabu ya kufyeka uwanja wa juu kwa majuma mawili, nami nimekwisha imaliza. Barua ya mzee imeondolewa katika faili lake. Nimemwomba Mwalimu wa Jiografia radhi, na sasa nawaomba radhi hadharani wale wenzangu wanne. Yule wa tano alikuwa nami Ipogolo, yeye na mimi tunajuana.

Watu watasema: kumbe mwenyewe umetuonyesha kwamba baiskeli ni hatari, basi heri ghala lifungwe. Nimelipima neno hilo kwa haki, kwa sababu aliyevunjika ni mimi. Lakini nani alianguka katika safari za Mwalimu? Hakuna. Tulikwenda Kalenga Jumamosi nyingi, tukapata pancha, tukapata mvua, mara moja mnyororo ulikatika tukaukokota, wala hatukupata hata mchubuko. Aliyeanguka ni mtu mmoja aliyefungua breki, aliyemdanganya mwalimu, na aliyekwenda mahali alipokatazwa. Kufunga ghala kwa ajili yake ni sawa na kuzima jiko la shule kwa kuwa mwizi wa chakula alijiunguza.

Tena tutazame vijana wanakwenda wapi wakinyimwa baiskeli. Hawakai bwenini na kitabu, hilo hata walimu wanalijua. Wakipata ruhusa ya mjini hupanda pikipiki za abiria watatu watatu, bila kofia ngumu, wakashuka mteremko ule ule kwa kasi ambayo baiskeli yangu haikuiota. Na hilo halijafungiwa ghala.

Wengine husema kwamba baiskeli ni ya maskini. Hao ninawajibu kwa ufupi. Mwezi wa Septemba mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mji wa jirani zetu Rwanda, ikiwa ni mara ya kwanza kufika Afrika. Na mwaka uliotangulia, 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alishinda hatua tatu za mbio kuu za Ufaransa, Tour de France, akavikwa fulana ya kijani. Lakini hata pasipo hao, baba yangu si mtu wa kuonewa haya.

Labda mwalimu wa masomo atauliza kuhusu mitihani. Mimi mwenyewe nafanya wangu Novemba. Sijaona mtu aliyefeli kwa kutoka saa nne za Jumamosi. Nimewaona waliofeli kwa kulala saa hizo hizo. Wala siombi kwa faida yangu, maana ghala likifunguliwa hata muhula ujao, zamu yangu ya kupanda itakuwa imepita. Nawaombea Kidato cha Kwanza na cha Pili, ambao wamekaa hapa Iringa na hawajui kwamba njia ya Kalenga ina kilima.

Ninavyoomba ni hivi. Safari iwe na mwalimu daima. Kabla ya kutoka, mwanafunzi na mwalimu wakague pamoja breki mbili, kwa kusukuma baiskeli huku breki moja imebanwa, kisha ya pili. Gurudumu likizunguka, baiskeli hairuhusiwi kutoka langoni. Mvua ikinyesha hakuna safari. Barabara kuu iwe mwiko, na Ipogolo iwe mwiko zaidi. Kengele na madigadi visifunguliwe na mtu yeyote, na atakayefungua hata skrubu moja bila mtunza ghala kujua asipande tena mpaka amalize shule. Kofia ngumu zinahitajika nne. Hizo hatuna, na hapo ndipo ninapowaomba wazazi: ikiwa yuko mwenye moja nyumbani isiyotumika, aitume na mwanawe muhula ukifunguliwa.

Likizo iliyopita nilimweleza baba habari hizi zote, pamoja na uongo wangu. Alinyamaza muda mrefu. Jumapili aliniamsha mapema, akasema nitoe baiskeli. Nikauliza tunapeleka nini. Akasema hapeleki kitu, anataka kuona huo mnara wa Lugalo, maana ameupita maisha yake yote na matenga. Nilimpakia nyuma, kwenye vile vyuma vya nyanya, na mahali penye mlima tulishuka tukasukuma wote wawili. Jirani mmoja alipiga kelele kutoka shambani: "Mmetumwa na nani?" Baba hakumjibu, alimpungia mkono tu.

Breki ya mbele imekwisha kurudishwa mahali pake. Mzee ameitia mafuta na mipira mipya. Ufunguo wa ghala uko ofisini kwa Mkuu wa Shule.